Kuzuia ukatili kwa njia ya afya ya jamii na kwa njia ya polisi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yamepangwa kuanzia yale ya msingi hadi yale yanayowagonganisha vichwa hata wataalamu. Kila jibu linajitegemea, na pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa kwingine, msomaji anaelekezwa kwenye swali husika. Mwenye haraka aanze na swali la 4 na la 9.

## Mambo ya msingi

1. Neno "ukatili" lina maana gani hapa?

Kiswahili kina maneno mengi ya jambo hili: ugomvi, vurugu, ghasia, dhuluma, unyanyasaji. Hapa tunatumia "ukatili" kwa maana pana iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) katika ripoti yake ya mwaka 2002, yaani kutumia nguvu au mamlaka kwa makusudi, au kutishia kuyatumia, dhidi ya nafsi ya mtu mwenyewe, mtu mwingine, kundi au jamii, kwa namna inayoleta au inayoelekea kuleta jeraha, kifo, madhara ya kisaikolojia, kudumaa kwa makuzi au kunyimwa mahitaji. Ripoti hiyo iliugawa ukatili katika mafungu matatu: ule ambao mtu hujitendea mwenyewe, ule wa mtu kwa mtu, na ule wa makundi, vikiwemo vita.

Upana huu si mapambo ya kitaalamu. Polisi huanza na kosa lililoandikwa katika sheria. Tendo lisilo kosa haliwahusu, hata likiwa limemwumiza mtu. Afya ya jamii huanza na jeraha, liwe limesababishwa na kosa la jinai au la.

2. Mtazamo wa afya ya jamii ni upi hasa?

Ni ule ule unaotumika dhidi ya malaria, ajali za barabarani au uvutaji wa sigara, na kwa kawaida huelezwa kwa hatua nne. Kwanza, tatizo hupimwa: nani anaumia, wapi, saa ngapi, kwa silaha gani. Pili, hutafutwa vihatarishi pamoja na yale mambo yanayowakinga watu. Tatu, hubuniwa hatua za kuzuia na kufanyiwa majaribio. Nne, zile zilizofaulu hupanuliwa huku zikiendelea kupimwa.

Vihatarishi hutazamwa katika ngazi nne zinazozungukana: mtu binafsi, mahusiano yake ya karibu, mtaa au taasisi anamoishi, na jamii nzima pamoja na sheria na mila zake. Kijana aliyechomwa kisu nje ya baa ana historia yake, ana marafiki aliokuwa nao usiku ule, yuko mbele ya baa inayofungwa alfajiri, na anaishi katika nchi yenye bei fulani ya pombe. Mpelelezi anahitaji kumjua aliyeshika kisu. Mtu wa afya ya jamii anauliza ni ipi kati ya ngazi hizo inayobadilika kwa urahisi zaidi, na mara nyingi jibu si kijana mwenyewe.

Lazima isemwe pia kwamba jina hili sasa limekuwa vazi la msimu. Miradi mingi inayojiita ya afya ya jamii haina upimaji wa kabla wala wa baada. Mradi usiohesabu majeruhi wake unaweza kuwa kazi njema ya kijamii, lakini haustahili jina hilo.

3. Polisi wao huzuiaje ukatili? Si kazi yao kukamata tu?

Kuzuia kumekuwa katika wajibu wao tangu mwanzo. Jeshi la polisi la London lililoanzishwa na Robert Peel mwaka 1829 lilipewa kuzuia uhalifu kama lengo lake la kwanza. Njia wanazotumia ni kadhaa: kuwepo mahali ili kumkatisha tamaa anayekusudia kudhuru, kumwondoa mtu hatari kwa kumkamata na kumfikisha mahakamani, kukamata silaha kabla hazijatumika, kuingilia ugomvi unaoendelea, na kutatua kiini cha tatizo linalojirudia mahali pamoja. Njia hii ya mwisho, iliyofafanuliwa na msomi wa Marekani Herman Goldstein mwaka 1979, inafanana mno na hatua nne za swali la 2. Msemo wa "kinga ni bora kuliko tiba" unadaiwa na pande zote mbili, na zote mbili zina haki ya kuudai.

4. Basi tofauti yenyewe iko wapi?

Watu wengi hudhani tofauti ni ya ukali na upole. Sivyo. Kuna hatua za afya ya jamii zinazobana sana, kama kupiga marufuku sumu au kufunga baa mapema, na kuna askari ambaye kutwa nzima hakumkamata mtu, amepatanisha majirani. Tofauti za kweli ni tatu.

Ya kwanza ni kinachohesabiwa. Polisi huhesabu makosa yaliyoripotiwa, watuhumiwa waliokamatwa na kesi zilizofika mahakamani. Afya ya jamii huhesabu majeruhi na waliokufa katika idadi fulani ya watu, mathalani kwa kila watu 100,000. Ya pili ni kitengo cha kazi: kwa polisi ni tukio na mtuhumiwa wake, na kwa afya ya jamii ni kundi zima la watu walio hatarini, wakiwemo wale ambao hawajafanya wala kufanyiwa lolote. Ya tatu, na kwa maoni yangu ndiyo nzito kuliko zote, ni dhamana ya kushurutisha. Askari anaweza kumnyang'anya mtu uhuru wake, kwa hiyo analazimika kuonyesha sababu dhidi ya mtu huyo mmoja. Mtaalamu wa afya anaweza kuchukua hatua kwa uwezekano tu, kwa kuwa hatua yake kwa kawaida haimfungi mtu. Matatizo makubwa huzuka mipaka hiyo inapochanganywa, yaani polisi wanapomshughulikia mtu kwa kuwa takwimu zinamwonyesha kuwa "hatarini", au wahudumu wa afya wanapogeuzwa macho na masikio ya upelelezi. Jambo hilo linarudi katika swali la 15.

5. Tangu lini madaktari wakajiingiza katika mambo ya jinai?

Nchini Marekani, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa (CDC) kilianzisha kitengo cha epidemiolojia ya ukatili, yaani elimu ya jinsi tatizo la afya linavyoenea katika watu, mwaka 1983, na mwaka 1985 daktari mkuu wa serikali, C. Everett Koop, aliitisha warsha juu ya ukatili na afya ya jamii. Mwaka 1996 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuutangaza ukatili kuwa tatizo kubwa la afya ya jamii ulimwenguni, na ripoti iliyotajwa katika swali la 1 ilifuata miaka sita baadaye.

Sababu ilikuwa ya kawaida kabisa. Magonjwa ya kuambukiza yalikuwa yamepungua, na waliobaki wakifa wakiwa vijana walikuwa wakifa kwa ajali, kujiua na kuuawa. Ajali za magari zilikuwa zimeonyesha kwamba vifo hupungua bila kusubiri kila dereva awe mwema: mikanda, barabara zilizosanifiwa vizuri na sheria za ulevi zilifanya kazi hiyo. Mtu akauliza kwa nini kisifanyike hivyo kwa risasi na visu.

## Ushahidi unasema nini

6. Je, doria za polisi hupunguza ukatili?

Inategemea ni doria gani. Kati ya 1972 na 1973, huko Kansas City, Marekani, maeneo 15 ya doria yaligawanywa katika mafungu matatu: mengine yaliachwa bila doria ya kawaida, askari wakienda pale tu walipoitwa, mengine yalibaki kama yalivyokuwa, na mengine yakaongezewa doria mara mbili hadi tatu. Uhalifu haukutofautiana kwa kiasi cha maana, na wakazi kwa sehemu kubwa hawakutambua kwamba kuna kilichobadilika.

Baadaye watafiti waligundua kwamba katika mji wa Minneapolis, pia Marekani, takribani nusu ya simu za kuomba polisi zilitoka katika asilimia 3 tu ya anwani za mji. Doria iliyoelekezwa kwenye vituo hivyo vya moto imepimwa mara nyingi tangu hapo, na kwa ujumla hupunguza uhalifu. Hofu kwamba uhalifu utahamia tu mtaa wa pili haikuthibitika, na mara nyingi mitaa jirani nayo hunufaika kidogo. Utafiti wa miji mikubwa ya Marekani pia umeonyesha kwamba kuongeza askari hupunguza mauaji, na kwamba huongeza vilevile ukamataji kwa makosa madogo madogo, mzigo ambao huwaangukia zaidi watu weusi. Anayetaja nusu moja ya matokeo hayo na kuficha nyingine anafanya siasa.

7. Ni hatua zipi za afya ya jamii zilizoonekana kufanya kazi?

Mfano unaonivutia kuliko yote unatoka Cardiff, mji mkuu wa Wales. Jonathan Shepherd, daktari mpasuaji wa uso na taya, aliona kwamba sehemu kubwa ya watu aliowashona haikuwa katika kumbukumbu zozote za polisi. Akapanga wahudumu wa mapokezi katika idara ya dharura wamuulize kila aliyeshambuliwa mambo machache: wapi, saa ngapi, kwa silaha gani, na washambuliaji wangapi. Majina yaliondolewa, kisha taarifa zikapelekwa mara kwa mara kwa polisi na halmashauri ya mji. Doria zikahamishwa, baa zenye majeruhi wengi zikabanwa, glasi za kawaida zikabadilishwa kwa zisizovunjika vipande vyenye makali.

Tathmini iliyochapishwa mwaka 2011 iliilinganisha Cardiff na miji 14 inayofanana nayo, na ikakadiria kwamba waliolazwa hospitalini kwa sababu ya ukatili walikuwa pungufu kwa asilimia 42 kuliko ambavyo ingetarajiwa. Mashambulizi mazito katika kumbukumbu za polisi nayo yalipungua. Mashambulizi madogo yaliyoandikishwa, kinyume chake, yaliongezeka, pengine kwa sababu polisi walikuwa wakifika mapema zaidi, kabla kofi halijawa chupa. Angetazama daftari la polisi peke yake angeweza kusema mradi umeshindwa.

Diadema, mji wa viwanda katika eneo la São Paulo nchini Brazil, ulipiga marufuku kuuza pombe baada ya saa 5 usiku kuanzia Julai 2002, na watafiti walikadiria kwamba mauaji yalipungua kwa takribani 9 kila mwezi. Nchini Kolombia, meya wa Cali Rodrigo Guerrero, ambaye ni daktari na mtaalamu wa epidemiolojia, alizuia kubeba bunduki katika siku maalum, zikiwemo za mwisho wa juma lenye malipo ya mishahara na za sikukuu. Katika siku hizo mauaji yalikuwa pungufu kwa asilimia 14, na Bogotá ilipofanya hivyo hivyo yalipungua kwa asilimia 13. Huko Philadelphia, kusafisha na kupanda nyasi katika viwanja vilivyotelekezwa kulipunguza ukatili wa bunduki kwa asilimia 29 katika mitaa maskini zaidi, bila kumgusa mtu yeyote.

Katika Diadema, ni nani aliyehakikisha kwamba baa zimefungwa? Ni wakaguzi na walinzi wa manispaa. Katika Cali, bunduki zilikamatwa na polisi. Hatua nyingi zinazoitwa za afya ya jamii husimama juu ya mtu mwenye sare.

8. Wanasema ukatili huambukiza kama ugonjwa. Ni kweli au ni lugha ya picha?

Vyote viwili. Uchambuzi wa mitandao ya watu waliokamatwa pamoja huko Chicago, uliochapishwa mwaka 2017, ulikadiria kwamba asilimia 63 ya matukio ya kupigwa risasi ndani ya mtandao huo yanaelezeka kwa uambukizaji, yaani mtu alikuwa hatarini zaidi muda mfupi baada ya mwenzake kupigwa. Hakuna kirusi hapa. Kuna kisasi, hofu na bunduki inayobebwa kwa kujihami.

Wazo hili lilipata umaarufu kupitia Gary Slutkin, daktari aliyefanya kazi dhidi ya kifua kikuu, kipindupindu na UKIMWI kabla ya kuanzisha huko Chicago, mwaka 2000, mradi ambao sasa unajulikana kama Cure Violence. Mradi huwatumia wapatanishi wanaoaminika mtaani kuzima ugomvi kabla haujafika kwenye risasi. Tathmini zake ni mchanganyiko: maeneo mengine yalionyesha nafuu ya wazi, mengine hayakuonyesha kitu, na katika Pittsburgh, kwenye mradi unaofanana nao, baadhi ya vipimo vilipanda. Ni njia yenye matumaini, lakini haijafikia kiwango ambacho watetezi wake huizungumzia. Ubora wa wapatanishi na uimara wa mishahara yao huamua mengi, na fedha za miradi hii zina desturi ya kukatika mwaka wa pili.

9. Glasgow, mji wa Scotland, hutajwa kila mahali. Je, ule ulikuwa ushindi wa afya ya jamii?

Kwa sehemu. Kitengo cha kupunguza ukatili kilianzishwa mwaka 2005 na polisi wenyewe wa Strathclyde, eneo ambalo Glasgow imo, chini ya mpelelezi John Carnochan na mchambuzi wa taarifa Karyn McCluskey, na mwaka uliofuata kikawa cha Scotland nzima. Mauaji nchini Scotland yalikuwa 137 katika mwaka wa 2004–05. Miaka kumi baadaye yalikuwa chini ya 70.

Kinachosahaulika ni kwamba katika miaka ile ile adhabu ya kubeba kisu iliongezwa, na polisi wa Strathclyde walikuwa wakipekua watu barabarani kwa wingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya Scotland. Mwaka 2008 vijana wa magenge waliitwa katika chumba cha mahakama, wakasikilizishwa madaktari na mama waliofiwa, wakaahidiwa msaada wa ajira na masomo, na hapo hapo wakaambiwa kwamba anayeendelea atashughulikiwa pamoja na genge lake zima. Mpango huo ulirithiwa kutoka miji ya Marekani. Asili yake ni Boston, ambako tathmini ilihusisha mpango wa mwaka 1996 na kushuka kwa mauaji ya vijana kwa asilimia 63. Haiwezekani kuchambua kwa uhakika ni sehemu gani ya nafuu ya Glasgow ilitokana na msaada na ipi na tishio. Mwenye kuinukuu Glasgow kama hoja ya kuwaondoa polisi, na mwenye kuinukuu kama hoja ya kuongeza upekuzi, wote wamekata picha vipande.

10. Takwimu zipi ziaminiwe, za polisi au za hospitali?

Kila daftari lina tundu lake. Polisi hawapati habari za watu wanaoogopa kulipiziwa, wasiotaka kumshtaki ndugu, au walio na makosa yao wenyewe ya kuficha. Hospitali hazimwoni aliyejitibu nyumbani, wala aliyetishwa bila kujeruhiwa. Mauaji ndiyo yanayohesabiwa vizuri kuliko aina nyingine, na hata hayo hutegemea nani anaandika chanzo cha kifo. Kwa ukatili wa nyumbani na wa kingono, utafiti wa kaya unaouliza watu moja kwa moja kwa faragha huwa karibu zaidi na ukweli. Kupanda kwa ripoti za polisi baada ya kampeni mara nyingi ni dalili ya imani kuongezeka. Mfano wa Cardiff katika swali la 7 unaonyesha mtego huo.

11. Ni kweli kwamba afya ya jamii huchukua miaka mingi na polisi huleta matokeo mara moja?

Ni nusu kweli. Marufuku ya Cali yalifanya kazi katika siku zile zile yalipotumika. Kwa upande mwingine, ziara za wauguzi kwa mama wajawazito maskini, zilizoanza kupimwa huko Elmira, katika jimbo la New York, mwishoni mwa miaka ya 1970, zilihitaji zaidi ya muongo kuonyesha athari katika uhalifu wa watoto waliozaliwa.

Jambo linaloulizwa mara chache ni matokeo hudumu kwa muda gani. Mradi wa Chicago wa kuwafundisha wavulana kusita kabla ya kutenda ulipunguza ukamataji wao kwa makosa ya ukatili kwa karibu nusu wakati ulipokuwa ukiendelea, lakini athari hiyo ilififia ulipokwisha. Huko Monrovia, Liberia, wanaume 999 waliokuwa wakijishughulisha na uhalifu na vurugu walishirikishwa katika jaribio: wengine walipata wiki 8 za tiba ya fikra na tabia, wengine dola 200, wengine vyote viwili, wengine hawakupata kitu. Waliopata vyote viwili walikuwa bado wanaonyesha vitendo vichache zaidi vya uhalifu na vurugu, kwa karibu nusu, miaka kumi baadaye.

## Nyumbani, kwa watoto na kwa nafsi ya mtu

12. Katika ukatili wa nyumbani, kumkamata mshambuliaji si kunatosha?

Kunaweza kumwokoa mtu usiku huo, na hilo si jambo dogo. Mwaka 2021, kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, asilimia 56 ya wanawake na wasichana waliouawa kwa makusudi waliuawa na wenzi au jamaa zao. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 11. Swali ni kama kukamata huzuia kurudia. Jaribio la Minneapolis la 1981–82 lilionyesha kwamba ndiyo, na idara nyingi zikaweka sera ya kukamata kwa lazima. Majaribio yaliporudiwa katika miji mingine mitano, majibu yaligawanyika. Katika baadhi yake, mwanamume asiye na kazi aliyekamatwa alirudia zaidi. Inaelekea mwenye cha kupoteza ndiye anayeogopa.

Upande wa kuzuia kabla, mradi wa SASA! wa Kampala, uliochukua jina lake kutoka neno letu wenyewe la Kiswahili, ulitumia wanajamii kujadili madaraka kati ya mwanamke na mwanamume. Ukatili wa kimwili wa wenzi ulikadiriwa kuwa chini kwa takribani nusu katika mitaa iliyoshiriki, ingawa makadirio hayo yana upana mkubwa kwa sababu mitaa ilikuwa michache. Huko Limpopo, Afrika Kusini, mikopo midogo kwa wanawake ikiunganishwa na mafunzo juu ya jinsia iliambatana na kushuka kwa ukatili wa wenzi kwa asilimia 55 katika miaka miwili. Hakuna kati ya miradi hiyo inayoweza kumsaidia mwanamke anayebisha hodi kwa jirani usiku wa manane. Anahitaji askari atakayefika, na kituo kitakachomwamini.

13. Na ukatili dhidi ya watoto?

Hapa polisi ndio wenye nafasi ndogo zaidi ya kuanza, kwa kuwa mshambuliaji mara nyingi ndiye angepaswa kuripoti. WHO na washirika wake walitoa mwaka 2016 mkusanyiko wa mikakati saba uitwao INSPIRE: sheria na utekelezaji wake, kubadili mila, usalama wa mazingira, msaada kwa wazazi, kipato cha kaya, huduma kwa waathiriwa, na elimu pamoja na stadi za maisha. Utekelezaji wa sheria ni mmoja kati ya saba. Uwiano huo unaonekana kwangu kuwa sahihi.

14. Kujiua kunaingiaje katika mjadala wa polisi?

Kunaingia vibaya, na ndiyo maana kunafundisha. Zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani, wengi kuliko wanaouawa, ambao walikuwa takribani 458,000 mwaka 2021. Sri Lanka, baada ya kuzuia hatua kwa hatua dawa za kuulia wadudu zenye sumu kali, ilishuhudia kiwango cha kujiua kikishuka kwa karibu asilimia 70 katika miongo miwili kuanzia kilele cha 1995. Hakuna aliyeadhibiwa. Katika nchi ambako kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai, hofu ya kukamatwa humzuia mtu kutafuta tiba, na takwimu zenyewe hufichika.

## Pale njia mbili zinapogusana

15. Je, daktari au muuguzi alazimike kuwaarifu polisi kila anapomtibu aliyejeruhiwa?

Sheria hutofautiana, na mahali pengi jeraha la risasi lazima liripotiwe. Bila kupuuza sheria hiyo, ni busara kutenganisha vitu viwili. Taarifa isiyo na jina, yaani mahali, saa na silaha, inatosha kupanga doria na kufunga baa. Taarifa yenye jina inahitaji ridhaa, au hatari ya wazi kwa mtu mwingine, au amri ya kisheria. Mgonjwa akishajua kwamba kitanda cha hospitali ni mlango wa kituo cha polisi, hatakuja, na hapo hospitali inapoteza mgonjwa na polisi wanapoteza takwimu.

16. Wapatanishi wenye historia ya uhalifu waaminiwe?

Historia hiyo ndiyo sababu ya kusikilizwa kwao. Hatari ipo, na wapo walioangukia tena makosa yao ya zamani. Kinachosaidia ni mchujo wa kweli, usimamizi wa karibu, mshahara wa kudumu, na makubaliano ya maandishi kwamba polisi hawatawaomba majina wala wao hawataficha mpango wa kuua.

17. Je, kazi ya polisi yenyewe inaweza kuwa kihatarishi?

Ndiyo. Nguvu inayotumiwa na askari huua na kujeruhi, na kwa mujibu wa maana iliyo katika swali la 1 nayo ni ukatili inapotumika isivyo halali. Upekuzi wa watu wengi bila sababu mahsusi hupunguza imani, na mtu asiyeamini polisi hujilipizia mwenyewe. Faida yake pia hukuzwa: New York ilifanya upekuzi na usimamishaji zaidi ya 685,000 mwaka 2011, kisha idadi ikaporomoka hadi chini ya 50,000 mwaka 2014, na mauaji yakaendelea kupungua.

## Maswali magumu

18. El Salvador iliwafunga watu kwa maelfu na mauaji yakaisha. Mjadala haujafungwa?

Mauaji yamepungua mno, na wakazi waliokuwa wakilipa kodi kwa magenge wanaona nafuu isiyobishaniwa. Lakini tarehe zina maana. Sera ya mkono wa chuma ilitangazwa mara ya kwanza mwaka 2003, na mauaji hayakupungua. Mwaka 2015 yalizidi 100 kwa kila watu 100,000. Hali ya hatari ilianza Machi 2022, wakati kiwango rasmi kilikuwa tayari kimeshuka chini ya 20. Hivyo sehemu kubwa ya mteremko ilitangulia ukamataji wa halaiki, uliofikia zaidi ya watu 60,000 katika mwaka wa kwanza. Wasio na hatia waliofungwa, na waliofia gerezani, nao ni sehemu ya hesabu kwa yeyote anayehesabu madhara badala ya makosa.

19. Kwa nini tafiti za bunduki ni chache kuliko ukubwa wa tatizo?

Mwaka 1996 Bunge la Marekani liliweka kifungu kilichozuia fedha za CDC za kuzuia majeraha kutumika kutetea udhibiti wa bunduki, na kwa tahadhari utafiti wenyewe ukakauka kwa zaidi ya miaka ishirini. Fedha mahsusi, jumla ya dola milioni 25 zilizogawanywa kwa taasisi mbili, zilirudishwa katika bajeti iliyopitishwa mwishoni mwa 2019.

20. Kuna hatua zenye nia njema ambazo huongeza madhara?

Zipo. Kuwapeleka vijana gerezani kwa ziara ili watishwe na wafungwa kumepimwa kwa majaribio ya nasibu, yaani ya kuwagawa vijana kwa bahati nasibu, na waliopelekwa walifanya makosa zaidi kuliko wenzao walioachwa tu. Ziara hizo bado zinapendwa kwa sababu ni rahisi, hupigwa picha vizuri, na kila mzazi huondoka akiamini zimefanya kazi.

21. Mji wenye bajeti ndogo uanze na nini?

Uanze na hesabu ya majeruhi katika idara ya dharura, kwa fomu ya maswali manne kama ya Cardiff. Gharama yake ni dakika chache za mhudumu wa mapokezi. Baada ya miezi michache ramani itaonyesha mitaa na saa chache zinazobeba sehemu kubwa ya majeraha, na hapo ndipo polisi, wenye baa, mafundi wa taa za barabarani na watu wa ustawi wa jamii wakae meza moja. Kununua magari ya doria kabla ya ramani hiyo, au kuajiri wapatanishi kabla yake, ni kupiga risasi gizani.

22. Je, njia hizi zinafaa wakati wa vita au ghasia za kisiasa?

Kwa kiasi kidogo. Upimaji wa majeruhi unaendelea kuwa na thamani, na tiba ya kiwewe pia. Lakini njia zote mbili zinadhani kuna dola inayotaka ukatili upungue. Pale ambapo wenye madaraka ndio wanaouagiza, takwimu za hospitali huwa ushahidi wa jinai na wanaozikusanya huhitaji ulinzi. Kazi hiyo ni ya sheria za kimataifa na ya upatanisho wa kisiasa, nayo ina maswali yake.